Upinde wangu wa kwanza niliuvunja kwa kuangalia mizani badala ya mti: habari za upote, kusawazisha mikono, na upinde wa baba

Wakuu, nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia. Nimepita miaka sabini na ninaishi Dabani, upande wa Uganda wa mpaka wa Busia. Kwa kawaida husoma humu na kunyamaza. Hii ndiyo mada yangu ya kwanza. Nitaeleza nilivyotengeneza upinde wa mti kwa mara ya kwanza maishani mwangu, pamoja na ule niliouvunja kabla yake.

Nina sharti moja. Yapo niliyoyaona na kuyapima mwenyewe, na yapo niliyoambiwa. Kila nitakapoandika jambo la kuambiwa nitasema kwamba ni la kuambiwa. Nanyi mkichangia, tafadhali fanyeni vivyo hivyo.

Kaka yangu ameniruhusu kuyaandika haya. Jina lake nimelibadilisha, ila herufi ya kwanza nimeiacha ilivyo. Sababu mtaiona.

Nimwite Egesa. Amenizidi miaka minne, na anaishi Masinya kwenye boma la baba yetu. Ana presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha kuzimika. La kulia bado linaona, lakini ni kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari hakumficha: dawa inachelewesha tu, haiponyi.

Baba yetu alikuwa na upinde wa mti wa mkole, aliokuwa akilindia mahindi dhidi ya ngedere. Nilipokuwa na miaka tisa, upinde ule ulivunjika mikononi mwangu. Nilikuwa nimeuvuta mara moja tu, kwa taabu, na kamba haikuwa imefika hata nusu ya njia kuelekea kifuani.

Egesa alimwambia baba kwamba nilikuwa nikiuvuta na kuuachia bila mshale, jambo ambalo kweli huua upinde. Baba hakuuliza swali la pili.

Maumivu ya fimbo yaliisha baada ya wiki. Jina ndilo halikuisha. Tangu siku ile, katika ukoo wetu mimi ni Mvunja Upinde. Nimefundisha miaka thelathini na minane, nimezika wazazi wangu wote wawili, nimesimamia harusi za watu, na bado nikiingia uani pale Masinya hukosi mtu wa kuita, "Ficheni vitu, Mvunja Upinde amefika."

Krismasi iliyopita, tulipokuwa mezani, Egesa alisema kwamba kabla giza halijamfunika angependa kuona mshale mmoja ukiondoka kwenye upinde wa mkole. Hakumwambia mtu yeyote hasa. Nikasema nitautengeneza mimi.

"Wewe?" aliuliza. "Mwalimu, wewe kazi yako kuvunja. Wa kutengeneza alikuwa baba."

Watu wakacheka. Shemeji, yaani mkewe, alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Nilicheka pia. Lakini kwa kuwa hakuna aliyejua jicho lile limebakiwa na miezi mingapi, wiki iliyofuata nilikuwa nimekwisha anza.

MTI

Kando ya kijito, kwenye shamba la kaka, tulipata mkole mmoja ulionyooka, unene wa muundi wa mtu mzima. Mingine yote ilikuwa imepinda. Tuliupasua kwa kabari, tukapata nusu mbili. Kwa hiyo nilikuwa na nafasi mbili, si zaidi.

Watu watatu walinishauri nizitundike juu ya moshi wa jikoni kwa siku tatu ili zikauke. Nilimuuliza kila mmoja kama amewahi kufanya hivyo. Wote watatu walikuwa wamesikia.

Nilipaka ncha za nusu hizo rangi iliyobaki ya mlango, ili maji yasitoke upesi na kuupasua mti, nikaziweka kivulini. Kila Jumapili nilizipima kwa mizani ya ndoana niliyoazima kwa muuza samaki. Uzito uliposimama Jumapili nne mfululizo, nikahesabu kwamba zimekauka. Ilichukua miezi minne na ushee.

Kwa mgeni wa kazi hii: upande wa upinde unaotazama windo huitwa mgongo; ule unaomtazama mvutaji ni tumbo. Sehemu mbili zinazopinda, juu na chini ya kishikio, ni mikono. Mgongo unavuliwa gamba tu, hauguswi kwa chuma. Mti hupunguzwa upande wa tumbo tu. Hili niliambiwa, lakini nililikubali kwa sababu linalingana na hesabu: mti ukipinda, nyuzi za mgongoni zinavutwa na za tumboni zinabanwa. Uzi unaovutwa ukikatwa, mwenzake ndiye anayebeba mzigo, naye hatauweza.

KOSA LANGU

Nilichonga nusu ya kwanza kwa panga na randa hadi ikaanza kupinda. Kisha nikaifunga kwenye ukuta wa ghala, kishikio juu ya kigingi, mikono huku na huku. Kamba ya upinde, ambayo Kiswahili huiita upote, niliiunganisha na kamba nyingine iliyoshuka kwenye roda chini na kurudi mkononi mwangu. Katikati niliweka ile mizani ya samaki. Nyuma yake nikachora mistari ya sentimita ukutani. Nikavuta, nikasoma namba, nikaandika daftarini. Kazi safi kabisa, kwa macho yangu.

Upote wenyewe niliupata mjini, mahali malori yanaposubiri kuvuka. Niliwauliza vijana wa kupakia mizigo kamba ipi ni bora. Walinionyesha ya plastiki, nyembamba, ya bluu. Mmoja wao, Opio, aliniambia, "Mwalimu, hii nafunga lori mzima mpaka kule Kenya. Upinde yako ni nini mbele ya lori?"

Hoja hiyo ilinitosha, na hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Nilipima nguvu peke yake. Kama kamba inavutika au haivutiki, sikupima.

Siku ya kwanza nilifunga upote ukasimama mbali na mti kwa kipimo cha ngumi na kidole gumba kilichoinuliwa, kama inavyotakiwa. Baada ya saa mbili ulikuwa umelala karibu na mti. Nikaufupisha. Ukalegea tena. Nikaufupisha mara ya tatu, safari hii nikiubana zaidi, nikauacha upinde umefungwa usiku kucha ili, nilijiambia, kamba "ikomae".

Asubuhi niliufungua. Upinde haukurudi kunyooka. Ulibaki umeinama kama mtu aliyelima kutwa.

Ningesimama hapo. Lakini mizani ilinionyesha kilo kumi na nne, nami nilikuwa nimepanga ifike kati ya kumi na tano na kumi na saba, nikaona bado kidogo tu nitafika. Nikavuta macho yakiwa kwenye mshale wa mizani. Kumi na tano. Kumi na tano na nusu.

Ikatoka sauti ndogo, kama njugu inayopasuliwa kwa meno. Mkono wa chini ulikuwa umekunjika mahali pamoja, kama bawaba ya mlango.

Shemeji alipata habari kabla ya chakula cha mchana. Sijui kwa njia gani. Alipiga simu kunipa pole, na nyuma yake nilisikia watu wakicheka.

TORORO

Mwanafunzi wangu wa zamani aliniambia habari za mzee mmoja wa Kipadhola, Owor, anayechonga mipini ya majembe nyuma ya soko la Tororo. Ilisemekana kwamba ujanani alitengeneza pinde za kuwindia kanga. Nilikwenda na vipande vyangu ndani ya gunia, nikiwa na mashaka yangu yote.

Owor hakuniuliza chochote. Alipitisha kidole gumba tumboni mwa mkono uliovunjika, akanivuta nikae, akanionyesha. Pale ulipokunjika, na vidole viwili juu yake, palikuwa na mikunjo midogo sana iliyokatiza mti, kama mikunjo ya ngozi ya kiganja. Mti ulikuwa umebanwa mpaka ukasagika.

"Hii ilikuwa nakuambia siku mingi," alisema. "Wewe naangalia wapi?"

Nilimjibu kwamba nilikuwa nikiangalia mizani.

"Mizani iko na mgongo?"

Wachonga mipini wenzake waliangua kicheko. Mmoja akaniuliza kama samaki niliokuwa nikipima walikuwa wa ziwa gani.

Niliwastahimili, kwa sababu kile kidole gumba kilikuwa kimenionyesha kitu, si kuniambia. Nilikaa pale siku nzima, na nikarudi mara mbili. Mambo aliyonifundisha nimeyajaribu yote, kwa hiyo nayaandika kama yangu.

Upinde unavutwa kidogo, mpaka pale kasoro inapojitokeza, na hapo hapo unasimama. Hauvutwi kuipita kasoro kwa matumaini kwamba itajirekebisha. Panapopinda sana, usiguse. Panapokataa kupinda, weka alama ya penseli na ukwangue hapo. Mimi nilikuwa nakwangua palipopinda, kwa kuwa ndipo palipoonekana "panafanya kazi". Ni sawa na mwalimu kumtwika mwanafunzi mmoja hodari maswali ya darasa zima.

Ukishakwangua, usiamini macho hapo hapo. Vuta na kurudisha taratibu mara thelathini, kwa mivuto mifupi, ndipo mti uonyeshe sura yake mpya. Ukikwangua tena kabla ya hapo, unarekebisha kasoro ya jana.

Tumia kipande cha kioo au makali ya kisu kilichosimamishwa. Panga na randa zimekwisha kazi yake. Maranda yawe laini kama unga wa muhogo. Simama hatua tano nyuma. Kisha weka kijiti kifupi kilichonyooka tumboni mwa mkono na ukitembeze: uwazi kati ya kijiti na mti uwe ule ule njia nzima. Ukiongezeka mahali fulani, hapo ndipo bawaba inapozaliwa.

Na mizani? Owor hakuikataa moja kwa moja. Alipoona ninaipenda, alisema nikae nayo, ila inizuie tu: uzito niliokusudia ukifika, nisivute zaidi hata kama kamba haijafika mbali. Mizani ni breki.

Jambo la mwisho alilonifundisha ni kusoma mvunjiko. Upinde uliosagika tumboni hukunjika. Uliokatika mgongoni hunyanyuka vibanzi virefu, na ukivifuata vibanzi hivyo hadi vinapoanzia, utakuta jeraha: fundo la mti, tundu la mdudu, au mkato.

UPOTE

Mjini Busia yupo Hajji mmoja anayeuza magunia na nyuzi za kuyashonea. Alikuwa anashona mdomo wa gunia kwa shazia, ile sindano ndefu iliyopinda ncha, nilipomweleza shida yangu.

"Mwalimu, mimi nauza. Mambo ya upinde siyajui," alisema. "Chukua, ukapime."

Katika miezi yote ile, huyo ndiye mtu wa kwanza kuniambia kwamba hajui. Nilinunua rola nzima.

Nilining'iniza kamba mbili kwenye boriti: ile ya plastiki, na nyingine niliyosokota kwa uzi wa polista wa Hajji, zikiwa na urefu sawa. Kila moja nikaifungia jiwe la kilo kumi na kuweka alama ukutani. Kesho yake ya plastiki ilikuwa imeshuka vidole vinne. Ya polista ilikuwa imeshuka chini ya kidole kimoja, na siku ya pili haikuongeza kitu.

Upote wangu una mafungu mawili, kila fungu nyuzi nane zilizopakwa nta ya nyuki. Unalisokota kila fungu kuelekea nje, kisha unalipitisha juu ya mwenzake kuelekea ndani, ili msokoto mmoja uukaze mwingine. Ncha moja ina kitanzi; nyingine nimeiacha ya kufunga fundo, ili urefu uweze kurekebishwa. Usiku upinde unafunguliwa, unapumzika umenyooka.

(Nilisimama kuandika kwa sababu umeme ulikatika. Narudi nakuta mkuu mmoja ameandika kwamba kwao upote bora ni waya wa breki ya baiskeli, na kwamba babu yake alirusha mshale ukavuka mto. Mkuu, ulimwona akirusha? Upana wa mto je? Ukinijibu hayo mawili nitaujaribu waya wako.)

NUSU YA BABA

Kabla ya kuigusa nusu ya pili, nilitaka vipimo vya kitu kilichowahi kufanya kazi. Nikakumbuka kwamba kipande cha juu cha upinde wa baba hakikutupwa. Kilikuwa komeo la mlango wa stoo kule Masinya, tangu enzi za mama.

Siku niliyokwenda, Egesa alikuwa amepelekwa kliniki. Shemeji alichomoa komeo, akanikabidhi, akaniambia hiki angalau nisikivunje. Nilipima upana na unene kila baada ya vidole vinne. Tumbo lilikuwa safi, halina mkunjo hata mmoja. Baba alikuwa ameusawazisha vizuri mno.

Kisha nikakigeuza, nikafuata vibanzi mpaka vilikoanzia.

Pale kipande kilipovunjikia, upande wa mgongo, palikuwa na mkato mwembamba uliopita sambamba na mti. Huo hauna madhara. Lakini kwenye ncha yake ya juu ulianzia mkato mwingine, uliokatiza nyuzi, urefu wa ukucha. Na mahali pa mkato wa pili wa kukatiza, ndipo mti ulipokuwa umeachana, umenyooka kama ulioanzishwa kwa wembe.

Ilikuwa nusu ya herufi E. Nusu nyingine ilikwenda na kipande kilichopotea.

Mtu anayeitwa Egesa alikuwa ameandika jina lake mgongoni mwa upinde wa baba, na herufi yake ina mikato mitatu ya kukatiza. Mimi nilikuja tu kuuvuta.

Nilipiga picha tatu kwa simu, karibu, na rula ikiwa kando yake. Nikarudisha komeo mahali pake. Kwa shemeji sikusema kitu.

Wakuu, nimewahi kuwaambia wanafunzi wengi kwamba ushahidi hauna hasira. Siku hiyo nilirudi Dabani na hasira ya miaka sitini na mitatu. Kila jioni niliitazama ile picha. Nilipanga kuionyesha mbele ya wote, siku nitakayopeleka upinde: kwanza mshale, kisha picha.

SIKU YENYEWE

Nusu ya pili ilinichukua wiki saba. Nilikwangua dakika ishirini kwa siku, si zaidi, kwa sababu niligundua kwamba baada ya hapo mkono unaanza kuamua badala ya jicho. Ulipokamilika ulivuta kilo kumi na sita kwenye sentimita sitini na mbili. Ukifunguliwa hubaki umeinama kidogo tu, pungufu ya upana wa vidole viwili. Kwa mkole wa kijitoni sitaki zaidi.

Nilifika Masinya asubuhi, jua likiwa nyuma yetu, kwa sababu jicho la kaka huona vizuri hivyo. Uani walikuwapo shemeji, watoto wao wawili wakubwa, na majirani waliokuja kuona ukivunjika.

Egesa aliomba aushike kwanza. Aliukalisha mapajani, mgongo juu, akaanza kuupapasa kwa kidole gumba kutoka ncha ya chini. Alikwenda polepole. Alipita kishikio. Kiganja kimoja juu ya kishikio, alisimama. Akarudi nyuma, akapita tena mahali pale pale. Akarudi tena.

"Hukuandika jina," alisema.

"Mgongo haukatwi, kaka."

Simu ilikuwa mfukoni mwangu na mkono wangu ulikuwa juu yake.

"Nilikuwa na wembe mpya," alisema. Sauti ilikuwa ya kawaida, kama anayetaja bei ya mahindi. "Nilitaka tu ujulikane utakuwa wa nani baba akizeeka. Ulipovunjika niliona mahali ulipovunjikia. Nikawahi mimi kusema."

Shemeji aliuliza anazungumza habari gani. Egesa akamgeukia, akaeleza tena, safari hii kwa sauti ya kusikika na majirani, kwa Kisamia, bila kupunguza neno. Akamaliza kwa kusema kwamba lile jina wanalomwita mwalimu liishe leo, na kama kuna mwenye kulihitaji, ampe yeye.

Hakuna aliyecheka. Nikautoa mkono mfukoni.

Nilirusha mshale mmoja kuelekea kichuguu kilicho mwisho wa shamba la mihogo. Ulikwenda chini kidogo ya nilipolenga. Egesa alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, kichwa kimeinama upande, akilitafuta lile tundu lake la kuonea.

"Nimeuona ukiondoka," alisema. "Kufika sikuuona. Rusha tena."

Nilirusha mara kumi na moja.

NILICHOJIFUNZA

Kamba ipimwe kwa kuvutika, si kwa nguvu peke yake. Namba iangaliwe baada ya mti, si kabla. Mgongo haukatwi hata kwa mapenzi. Na kitu kikivunjika, kabla hujamuuliza mtu yeyote nani amekivunja, kitazame mahali kilipoanzia.

Kwa wenye uzoefu: naomba mnieleze kama kuna aliyejaribu katani iliyosokotwa kwa mkono kwa upinde wa kilo kumi na sita, na ilidumu muda gani. Naomba pia habari za mpera. Wengi wanausifu, sijakutana na aliyeuchonga. Semeni mmepimaje.

Najua mtaomba picha. Ya upinde mpya nitaiweka hapa chini nikipata mtu wa kunisaidia kuipunguza ukubwa. Zile tatu za komeo nilizifuta siku ile ya mshale, njiani kurudi Dabani. Kwa hiyo kuhusu ile herufi hamna budi kulichukua neno langu lilivyo, jambo ambalo mimi mwenyewe nisingelikubali kutoka kwa yeyote kati yenu.